Pindo la Upande Mmoja

Katika mji huu siku haipiti. Hukunjwa. Jua likishaegemea ukuta wa magharibi, mwanamke wa kila nyumba hutoka uani, huishika siku kwa ncha zake, huikung'uta vumbi la maneno, huikunja mara mbili na mara mbili tena, kisha huiweka sandukuni juu ya jana yake. Ndiyo maana mgeni akituuliza saa, tunamwonyesha sanduku.

Nilimuuliza mke wangu, Mwanakheri, wakati yu hai bado:

"Hivi hilo sanduku lako halijai?"

"Litajaaje," akanijibu, "na wewe kila siku unaniletea siku ileile?"

Akacheka mwenyewe, akafunga kifuniko, akarudisha ufunguo kiunoni. Mimi nikabaki nimesimama na swali langu. Nina maswali mengi ya namna hiyo. Yananifuata nyumbani kama kuku wa jirani, na sijui ni nani aliyeyaanza kuyalisha.

Sanduku lenyewe ni la mbao za msaji. Limepigwa misumari ya shaba usoni, misumari iliyopangwa mistari na maua, na ukiliangalia sana unaona kwamba maua yale hayakamiliki: kila ua linaazima jani kwa jirani yake. Lilikuja siku ya arusi, kabla ya bibi arusi, kabla hata ya kitanda. Nakumbuka lilivyoingia, na hapo ndipo kumbukumbu yangu inapokwama, kwa sababu mlango wa nyumba yetu ni mwembamba kuliko sanduku. Nimelipima kwa mikono na kwa kamba. Halipiti. Mafundi niliowauliza walitazamana wakasema labda nyumba ilijengwa baadaye. Lakini nyumba ilikuwa ya baba yangu, nami nimezaliwa ndani yake. Basi ama sanduku lilikuwa dogo likakua kwa siku alizozikunja Mwanakheri, ama sisi ndio tuliopungua. Sijapata jibu, na sioni haya kusema kwamba kutopata jibu kunanipa usingizi mzuri kuliko kupata.

Mume hafungui sanduku la mkewe. Hakuna aliyetukataza, ni kama vile mtu hatii kidole katika sikio la mwenziwe. Mimi nilikijua kile kinachotoka tu. Shuka zilitoka zikinukia udi. Foronya zilitoka na maneno aliyoyadarizi kwa uzi mwekundu, LALA UNONO, na asubuhi herufi zilikuwa zimechapika shavuni mwangu nikaenda nazo kazini. Chandarua kilitoka masika, mfarishi ulitoka kipupwe. Nililala miaka na miaka juu ya vitu vilivyotoka mahali nisipopajua. Je, si ndivyo anavyoishi kila mtu? Tunajifunika kesho, na hatujui ni nani anayeitoa, wala kama huko inakotoka zimebaki nyingine.

Mwanakheri alipofariki, alikafiniwa kwa bafta, kitambaa cheupe cha dukani. Haikuwezekana vingine. Hapa kwetu sanduku halifunguliwi wakati maiti ya mwenyewe ingali juu ya kitanda. Wanasema litadhani anaibiwa. Akishazikwa, na matanga yakishaondoka, ndipo hufunguliwa, na anayelifungua ni yule aliyelalia nguo zake. Yaani mimi.

Na leo ndiyo leo. Nililifungua asubuhi.

Harufu iliyonipokea ilikuwa ya kafuri. Nilirudi nyuma. Kafuri ndiyo tuliyoinusa alipooshwa, na hiyohiyo ndiyo mwanamke huifunga katika kitambaa akaiweka kati ya shuka, wadudu wasizile. Niliinamisha kichwa tena, mara hii kwa udadisi. Nilitaka kuona kama pua yangu inaweza kuzitenga hizo harufu mbili, ya kulinda na ya kuaga. Haikuweza. Kafuri haina habari na sababu iliyoletewa.

Nikaanza kukunjua. Kila nguo ilipofunguka, siku iliyokuwa ndani yake ilisema. Nilikunjua shuka ya maua ya samawati, ikatoka sauti yake akiwa bado mwari: "Usinitazame hivyo, mimi si mwezi mwandamo." Nilikunjua foronya, nikajisikia mimi mwenyewe nikikoroma, na yeye akiniambia taratibu, kama mtu anayezungumza na mbuzi wa watu, "Geuka, Faki, geuka baba." Nilikunjua mfarishi, pakatoka kimya kirefu cha ile siku tuliyoambiwa kuwa hatutapata mtoto, na mwisho wa kimya kile akasema, "Haya, tukale." Nilikuwa nimelisahau neno hilo. Nililiweka kifuani nikalishikilia mpaka likapoa.

Katika kukunjua huko sikuwa mtu mmoja. Shuka moja ilinifanya kijana, nikasikia meno yangu yote. Nyingine ilinifanya yeye: nilijiona ninaingia mlangoni nikiwa na jasho na samaki, nikajionea huruma, nikasema moyoni mwake, huyu naye. Wanaosema kwamba maiti ameondoka wajaribu kukunjua nguo zake. Watajua ni nani aliyeondoka.

Kisha nikafika chini, na chini kulikuwa na nguo moja nyeupe.

Bafta tupu. Haikuwa na ua wala neno. Niliikunjua nikangoja sauti. Haikusema kitu. Nikaipeleka dirishani. Upande mmoja wa nguo ulikuwa na pindo, pindo dogo lililoshonwa kwa mkono, linakuja linakuja, likifika katikati linakoma. Kuanzia hapo ukingo ulikuwa mtupu, nyuzi zimening'inia. Na pale lilipokoma, sindano ilikuwa imechomekwa.

Nilikaa chini.

Lazima nieleze, maana mtu asiye wa mji huu ataona nguo tu. Shuka na sanda ni bafta moja, kutoka jora moja, na mkono wa muuza duka ukizipasua hausemi hii ni hii na ile ni ile. Kinachozitenga ni pindo. Shuka hushonwa pindo kwa sababu itafuliwa, itavutwa, itagombaniwa na watu wawili wakati wa baridi. Sanda haishonwi pindo. Haina kesho ya kuichakaza. Kwa hiyo nguo nyeupe ikitoka katika sanduku la marehemu, Waulizaji huja kabla ya alasiri. Ni wanawake wa mtaa, na mbele yao ni Bi Mize, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Husimama mlangoni wakauliza neno moja: shuka au sanda? Ukisema shuka, hutandikwa kitandani siku hiyohiyo, na maisha yakaendelea juu yake. Ukisema sanda, ni ya yule aliyeikunjua, inamngojea. Na ukiikosea jina, siku zote alizozikunja mwenye sanduku hufunguka zenyewe na kwenda zao. Namjua mtu aliyesema shuka haraka haraka, kwa kuogopa. Mpaka leo hukaa barazani akiwauliza wapita njia kama amewahi kuoa.

Mimi siogopi nguo. Ninaogopa kumsahau. Na zaidi ya hapo kuna jambo lililokuwa likiniuma kabla hata sijafungua kifuniko. Katika miezi yake ya mwisho Mwanakheri alikuwa akikaa karibu na dirisha, kanipa mgongo, na nguo nyeupe mapajani. Mkono wake ulipanda ukashuka. Nilikuwa nikipita nyuma yake nikisema, "Naona leo una nafuu, unashona." Naye akijibu, "Ndiyo, nashona." Nilifurahi. Mtu anayeshona anatazamia kuvaa.

Sasa pindo hili. Linakwenda au linarudi? Ilikuwa sanda, akaanza kuishona iwe shuka, apate kubaki nami, kifo kikamkuta katikati? Au ilikuwa shuka, na alikuwa akiifumua, uzi kwa uzi, akijitengenezea safari mbele ya macho yangu, nami nikimpongeza?

Uzi hausemi.

Njia haisemi kama ni ya kwenda. Ngazi haisemi kama ni ya kupanda. Nusu ya maji. Nusu ya neno. Mlango ulio wazi nusu: anaingia mtu au ametoka? Mimi ni nusu ya nini? Ukingo wa mtu uko wapi? Kama pindo ndilo linaloipa nguo jina, basi mtu asiye na mwisho ulioshonwa anaitwaje? Anaitwa hai. Labda. Na aliyeshonwa? Swali hilo nililiacha hapo sakafuni.

"Hodi humu! Shemeji Faki, u hai au nawe nikukunje?"

Alikuwa Sichana, mdogo wake Mwanakheri, aliyekuja kunisaidia kuzigawa nguo. Aliingia bila kungoja jibu, kama alivyokuwa akiingia siku zote alipokuja kumuuguza dada yake.

"Nipo," nikasema.

"Nipo! Mtu mzima unajibu kama paka ndani ya gunia." Akatazama shuka zilizotapakaa. "Ama kweli mwanamume hajui kukunjua. Hapa umekunjua nguo au umepigana nazo?"

Kisha akaiona nyeupe mikononi mwangu, na utani ukamtoka usoni.

"Ilikuwa chini kabisa," nikamwambia. "Pindo lake ni nusu."

"Shuka hiyo," akasema upesi.

"Umejuaje?"

"Ina pindo."

"Na huku haina."

"Kwa hivyo mtu aliyevaa kiatu kimoja utasema yuko peku? Shuka hiyo, shemeji. Alikuwa anaishona, hakuwahi kumaliza. Lete." Akaichukua, akakaa juu ya mkeka, akaichomoa ile sindano. "Waulizaji wanakuja sasa hivi. Naimaliza, unawaambia shuka, wanakwenda zao kunywa chai. Leo Bi Mize amekwisha kaanga vitumbua, nimesikia harufu. Hawatakawia hapa."

Akatoa uzi katika pindo la kanga yake, akautia mate, akaanza kushona. Nilimwacha. Kusema kweli nilitamani amalize, na mimi niwe nimeambiwa. Ni raha kubwa kuambiwa. Nikakaa karibu naye nikaangalia sindano inavyozama na kuibuka, kwa sababu kazi ya mkono humvuta mtu hata akiwa na msiba.

Sichana ni wa mkono wa kushoto. Walimchapa utotoni aache, hakuacha. Anapika kwa huo, anapiga kofi kwa huo, anashona kwa huo. Na mshono wa mkono wa kushoto hulala kushoto, kama majani yaliyopigwa na upepo wa upande mwingine.

Nikashika ile sehemu ya pindo iliyokuwa imeshonwa tangu zamani. Karibu na pembe ya nguo uzi ulikuwa umegeuka rangi ya maziwa yaliyolala, na mishono ilikuwa imelala kulia. Huo ni mkono wa Mwanakheri. Nimeulalia maisha yangu. Nikafuata kwa kidole. Baada ya shubiri chache uzi ukawa mweupe, mpya. Na mishono ikageuka. Ililala kushoto, yote, mpaka pale sindano ilipokuwa imechomekwa.

"Sichana," nikasema. "Hapa ulishona lini?"

"Wapi?"

"Hapa, kabla ya leo."

"Mishono yote ni ya sindano, shemeji. Usinitie maneno nikajichoma."

"Ya dada yako imelala kulia. Hii imelala kama hiyo unayoshona sasa."

Mkono wake ukasimama hewani na uzi umeunyosha. Uani jogoo wa Bi Mize aliwika, akakosea, akaanza upya.

"Una macho," akasema mwishowe. "Yalikuwa wapi siku zote hizo?"

"Yalikuwa mgongoni kwake."

Akaiweka nguo mapajani.

"Ni shuka," akasema. "Hilo sikukudanganya. Ni shuka ya arusi yenu, ya usiku wa kwanza. Yeye mwenyewe aliishona pindo tulipokuwa nyumbani kwa mama. Alipojua kwamba haponi, akaitoa, akaanza kuifumua. Mimi nikija kumkanda miguu, akisinzia, naichukua, nashona palepale alipofumua. Nikija siku nyingine nakuta amefumua tena. Nashona tena. Hatukusemezana. Nilikuwa nikijiambia, nikimshinda mimi, atabaki."

"Na yeye hakujua kama ni wewe?"

"Asijue mkono wangu? Yeye ndiye aliyekuwa akinifundisha kula kwa kulia chini ya meza, ili baba asinione nikikosea." Akajifuta pua kwa kanga. "Siku ya mwisho niliyoshona, hakuwa amelala. Aliniacha nishone mpaka hapo katikati. Halafu akaweka kiganja chake juu ya sindano, hivi. Akasema, 'Sichana, wewe unadhani mimi naharakia? Kule kila kitu kigeni. Nataka niende na nguo inayonijua.' Mimi nikachomeka sindano, nikaikunja, nikaitia chini kabisa. Akataka ufunguo nikampa. Hakuwa na nguvu ya kufungua tena."

Nguo inayonijua.

Nililigeuza neno hilo huku na huku. Kwa hiyo nilikuwa nimemwona sawa na nikakosa. Mkono wa anayeshona na mkono wa anayefumua, ukiutazama kwa nyuma, ni mkono mmoja: unapanda, unashuka. Nilidhani kama alikuwa akifumua, basi alikuwa akiniacha. Kumbe alikuwa akitafuta namna ya kunichukua. Hakutaka kwenda katika bafta isiyowahi kusikia mtu akikoroma. Na nini basi kifo, ikiwa mtu anaweza kukitandikia shuka yake mwenyewe? Na sisi tukamvika ya dukani, ikiwa bado na gundi ya kiwanda.

Nje palisikika viatu, na vicheko vilivyozimwa ghafla, kama watoto wanaoingia chuo cha Kurani. Kisha sauti ya Bi Mize:

"Wenye nyumba! Nguo imetoka?"

"Imetoka," nikajibu.

Sichana akanishika mkono. "Sema shuka," akaninong'oneza. "Ni kweli, ilikuwa shuka. Mimi nimekwisha mzika mmoja. Usiniletee nguo nyumbani humu inayokungoja wewe. Shemeji, nakuomba."

"Shuka au sanda?" akauliza Bi Mize.

Nilisimama mlangoni na nguo mikononi. Walikuwa wamejipanga uchochoroni, kanga zao zimefungwa vichwani, na mmoja alikuwa bado anatafuna. Ningekuwa na haki ya kusema shuka. Mishono ya pande zote mbili ingenishuhudia. Lakini nilijiuliza: nguo hupewa jina na nani? Na aliyeishona, au na aliyeifumua akijua anachofumua? Mwanakheri aliishona akiwa mwari, kama wanavyoshona wote, kwa kuwa mama alimwambia. Aliifumua peke yake.

"Ilikuwa shuka," nikasema. "Ikawa sanda."

"Hatukuuliza safari yake, Faki. Tumeuliza jina lake. Vitumbua vinapoa."

"Sanda."

Aliyekuwa akitafuna akaacha.

"Ya nani," akauliza Bi Mize taratibu, "na mwenyewe amekwisha zikwa kwa nyingine?"

"Yangu."

Tukangoja wote. Ndivyo inavyofanywa: jina likishatajwa, watu hungoja kuona kama siku zitakwenda. Nililiangalia sanduku, kifuniko chake kikiwa wazi. Nilimtafuta Mwanakheri ndani yangu, kama mtu anayejipapasa mfukoni kwenye umati. Alikuwepo. Haya, tukale, alisema, kwa sauti yake, na uchovu wake, na ule mkwaruzo mdogo mwishoni. Nikatafuta zaidi. Nikapata na kitu ambacho sikuwa nacho asubuhi: uso wake pale dirishani, kwa mbele. Sikuwahi kuuona uso ule. Alikuwa ameuma ncha ya ulimi, kama mtoto anayefungua fundo, na hakuwa na huzuni hata kidogo. Alikuwa na shughuli.

"Zimetulia," akasema Bi Mize. Akanitazama kwa muda mfupi kuliko nilivyotarajia, akaongeza, "Mungu akucheleweshe nayo," na wakaondoka, wakianza kugombana kabla hawajapinda kona nani aliyekula cha kwanza.

Sichana alikuwa amegeukia ukutani. Nilidhani analia. Alipogeuka nikaona amekasirika, na hasira ilimpendeza kuliko kilio.

"Mtu mbishi," akasema. "Mmeoana vizuri nyinyi. Hebu simama wima."

Akaishika nguo, akaisimamisha mbele yangu kuanzia utosini kama fundi anayepima kanzu, akainama kutazama inakoishia.

"Umeona? Alipima kitanda, hakukupima wewe. Unazo inchi za bure, shemeji. Itakuacha miguu nje."

"Nitaikunja."

"Maiti hakunji miguu."

"Basi nitaanza mapema."

Alinitazama, akatazama juu, akacheka mpaka akakaa. Tukaitandika ile nguo kitandani, yeye akiivuta upande wake kwa mkono wa kushoto, mimi nikivuta wangu, na haikutulia hata mara moja. Kisha nikapanda, mchana kweupe, na viatu nimevua. Kitanda hicho sikuwa nimekilalia tangu alipotoka. Nikageuka upande wake, nikakunja magoti.

Sichana akakaa ukingoni, karibu na miguu yangu. Akaivuta pembe ya nguo iliyobaki na pindo, akatafuta kwa ukucha mshono wake wa mwisho, akaanza kufumua.